Tangu tuletewe mfumo wa kidijitali, mafundi wangu wameacha kuleta mawazo. Ni mtazamo wao au kuna jingine?

MamaKarakana aliuliza:

Habari zenu wote. Maelezo yangu ni marefu kidogo, naomba mnivumilie.

Mimi ni msimamizi wa idara ya matengenezo kiwandani. Nina mafundi 14 wanaopokezana zamu tatu. Miezi minane iliyopita tuliletewa mfumo wa kusimamia oda za kazi na kila fundi akapewa kishikwambi. Mashine ikigoma, oda inaingia kwenye kishikwambi, fundi anaifungua, anatengeneza, anachagua chanzo cha hitilafu, anajaza vipuri alivyotumia, anafunga. Mimi nikiwa mezani naona yote. Na yako mambo yamekuwa mepesi kweli. Leo najua beringi ngapi zimebaki stoo bila kumpigia mtu simu, na oda hazipotei tena kama zilivyokuwa zikipotea kwenye makaratasi yaliyolowa grisi.

Linaloninyima usingizi ni hili. Zamani karakana yetu ilikuwa na ubao, na fundi aliyeona jambo alichora. Kila wiki nilikuta mchoro mpya, pengine miwili: mara jinsi ya kufungua kifuniko cha giaboksi bila kushusha mota, mara njia ya kupitisha waya mbali na mvuke, mara kishikio cha kubebea mkanda mzito watu wawili badala ya wanne. Mengi hayakufaulu. Yaliyofaulu tunayatumia mpaka leo. Tangu mfumo uingie nimepata mawazo matatu tu kwa miezi minane, na mawili yametoka kwa mtu mmoja. Ubao upo palepale. Umeandikwa namba ya simu ya stoo, basi.

Bosi wangu ana jibu lake: "Watu wako wanaogopa teknolojia, badilisha mtazamo wao." Nilimwamini. Nikaanza kuwatazama mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

Nina kijana anaupenda mfumo kwa moyo wote. Ndiye anayewafundisha wenzake, na oda zake hufungwa mapema kuliko za mtu yeyote. Hajaniletea wazo hata moja. Nikimwuliza kwa nini beringi ileile imekufa tena, anafungua kishikwambi na kunisomea: "Uchakavu."

Halafu nina mzee mwenye miaka 27 kazini. Kishikwambi anakishika kwa ncha za vidole, akimaliza anakilaza kifudifudi juu ya benchi. Bado anatembea na daftari mfukoni. Juzi nilimkuta kwenye pampu namba 4, ile inayorudisha maji moto. Ameweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi, mpini ameubana sikioni, macho kayafumba. Alikaa hivyo dakika nzima na mimi nikasimama kimya. Kando yake kishikwambi kilikuwa kinahesabu muda wa oda na tarakimu zimeshageuka nyekundu. Alipoinuka akaniambia, "Mama, beringi hii haifi kwa uchakavu. Kuna kinachoisukuma."

Nikamwambia, basi yaandike hayo kwenye mfumo. Akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Orodha ya vyanzo ina majibu 9 na hakuna hata moja linalosema hivyo. Ukichagua "Nyingine", kisanduku kinapokea herufi 60 tu. Beringi za pampu hiyo zimebadilishwa mara 4 ndani ya miezi mitano, na mara zote 4 mfumo umeandika uchakavu.

Kwa hiyo anayeupenda mfumo habuni, na asiyeupenda ndiye anayewaza. Ila siwezi kusema chuki ndiyo inayoleta ubunifu, maana ninao wengine watano wasioupenda na wao wamenuna tu, hawaleti chochote. Nisaidieni. Mtazamo wa mtu juu ya teknolojia unagusaje ubunifu wake kazini? Na mimi msimamizi nishike wapi?

---

MsomajiWaUtafiti alijibu:

Mama Karakana, umeuliza swali ambalo watu wengi hulipita. Bosi wako amechanganya vitu viwili: kukubali kutumia chombo, na kubuni ukiwa nacho mkononi.

Kuhusu kukubali, mtafiti Fred Davis alilieleza vizuri mwaka 1989. Mtu hukubali teknolojia mpya akiamini mambo mawili: kwamba itamfaa kazini, na kwamba haitamtesa kuitumia. Na katika takwimu zake lile la kufaa lilikuwa na uzito zaidi. Mtu huvumilia chombo kigumu kama kinamsaidia kweli. Lakini Davis alipima kutumia. Kijana wako amekubali kabisa, anatumia vizuri, na kwa kipimo hicho yeye ndiye wa kwanza darasani.

Kubuni kuna chemchemi nyingine. Mwanasaikolojia Teresa Amabile ametumia miaka mingi kulichunguza hilo. Mwaka 1985 aliandika kuhusu jaribio alilowafanyia watu 72 wanaojishughulisha na uandishi. Wote waliandika shairi fupi kwanza. Kisha kundi moja likapewa orodha ya sababu za nje za kuandika, kama fedha na sifa, wazipange kwa umuhimu. Kundi jingine likapewa sababu za ndani, kama raha ya kucheza na maneno. La tatu halikupewa orodha yoyote. Halafu wakaandika shairi la pili. Waliotoka kufikiria sababu za nje waliandika mashairi yaliyoonekana na ubunifu mdogo, na shughuli ya kupanga orodha ilikuwa ya dakika chache tu. Sasa nakuuliza, fundi ambaye kila afunguapo oda anaanza kuhesabiwa muda, anakumbushwa sababu za nje mara ngapi kwa zamu moja?

Kwa hiyo mimi nisingewauliza mafundi kama wanaupenda mfumo. Ningewauliza wanadhani mfumo uko pale kwa ajili ya nani. Anayeuona kama chombo chake ataufikiria na kuugeuzageuza. Anayeuona kama jicho la ofisi atafanya kinachomwepusha na maswali, awe anaupenda au anauchukia. Kijana wako na wale watano walionuna wanaweza kuwa na imani moja, tofauti ni kwamba yeye anafaulu mtihani na wao wanashindwa.

Jambo moja zaidi, maana linagusa hizo beringi. Mwaka 1996 mtafiti Amy Edmondson aliandika kuhusu makosa ya utoaji dawa hospitalini. Wodi ambazo wauguzi walikuwa huru kusema na kiongozi wao ziliripoti makosa mengi zaidi. Mwanzoni inashangaza. Maelezo yake ni kwamba huko makosa yalisemwa, na kwingine yalifichwa. Mfumo wako ukikuonyesha "Uchakavu" kila mara, usidhani umeona hali ya mashine. Umeona jibu ambalo halimletei mtu maswali.

---

MkerezajiMstaafu alijibu:

Mama, mimi nilikuwa kama huyo mzee wako, na ningependa kukueleza yaliyokuwa moyoni, maana kwa nje sisi huonekana tuna vichwa vigumu.

Nilikereza vyuma kwa mashine ya mkono miaka 19. Ikaletwa ya kompyuta. Miaka miwili nikaichukia. Si kwamba nilishindwa kuitumia. Kubonyeza kitufe cha kuanza hata mtoto anaweza, na hicho ndicho kilichoniuma. Mashine zile zina kifunguo kidogo cha kufungia kumbukumbu. Kikifungwa, programu haibadilishwi hata tarakimu moja. Kifunguo chetu kilikaa mfukoni mwa mhandisi, na mhandisi hakuwahi kufanya zamu ya usiku.

Usiku mmoja tunakereza shafti ndefu nyembamba. Kisu kinapiga kelele, unasikia kabisa chuma kinatetemeka, na ukipitisha ukucha juu ya kazi unahisi vijimawimbi. Dawa nilikuwa naijua tangu mashine ya mkono: punguza mzunguko, ongeza kidogo mwendo wa kisu. Sikuwa na ruhusa. Tukatupa shafti sita hadi alfajiri, na ripoti ikaandika kosa la mwendeshaji.

Alikuja msimamizi mwingine baadaye. Siku ya tatu tu akanipa kifunguo mkononi, akasema, "Badilisha unachoona kinafaa, ila uandike ulichobadilisha na kwa nini." Mama, sikulala vizuri usiku ule kwa furaha. Ndani ya mwezi nilikuwa nimejifunza kusoma programu mstari kwa mstari. Mwaka haujaisha nilibuni kishikizo cha kushika kazi nne kwa pamoja, jambo ambalo mashine ya mkono isingeweza kamwe. Mashine ileile niliyoichukia ndiyo iliyonipa wazo lile.

Mtazamo wangu ulibadilika baada ya mikono yangu kuruhusiwa. Hakuna semina iliyoubadilisha kabla ya hapo, na semina nilihudhuria nyingi. Kwa hiyo huyo mzee usimhubirie. Tafuta kifunguo chake kiko mfukoni mwa nani.

Na lile daftari usimnyang'anye. Mle ndani mna sauti za pampu zako za miaka 27.

---

MkufunziWaMifumo alijibu:

Naona tunazunguka. Watu wakifundishwa vizuri woga huisha, na woga ukiisha ubunifu huja wenyewe. Mwanasaikolojia Albert Bandura alishaonyesha tangu 1977 kwamba mtu hujaribu yale anayojiamini kuyaweza. Waongezee mafunzo.

---

MamaKarakana alijibu:

Mkufunzi, nashukuru, ila mafunzo tulipata, siku mbili nzima. Nimerudi kusoma kile kijitabu tulichoachiwa. Kurasa zote zinaeleza bonyeza hapa, kisha bonyeza pale. Hakuna ukurasa hata mmoja unaosema nini kinaweza kubadilishwa na nani wa kumwomba. Na huyo Bandura uliyemtaja, nijuavyo alisema kujiamini hujengwa kwanza na mambo ambayo mtu mwenyewe ameyafanya akafaulu. Mafundi wangu wamefaulu nini ndani ya mfumo huu zaidi ya kufunga oda?

Mzee Mkerezaji, maneno yako nimeyasoma mara tatu. Lile la ripoti kuandika kosa la mwendeshaji limenichoma, kwa sababu kwenye orodha yetu ya vyanzo 9 limo, namba 2, kwa jina la "Uzembe wa mwendeshaji". Na nimekwenda kuuliza kifunguo kiko wapi. Kumbe orodha ya vyanzo naweza kuibadilisha mimi mwenyewe. Nilikuwa na ruhusa hiyo tangu siku ya kwanza na sikuwahi kuambiwa, wala sikuuliza. Saa ya kuhesabu muda ndiyo siwezi kuizima bila kibali cha juu.

---

MwandishiWaMiongozo alijibu:

Mimi naomba nimtetee yule kijana, kwa sababu mimi ndiye yeye.

Kazi yangu ni kuandika miongozo ya kutumia vifaa. Akili mnemba ilipokuja niliikumbatia siku ileile. Naipenda mpaka leo, inanitoa kwenye ukurasa mweupe kwa sekunde, na mhariri wangu alisema kazi yangu imenyooka zaidi. Kisha siku moja tukaweka mezani miongozo minne ya waandishi wanne, vifaa vinne tofauti. Yote ilianza kwa sentensi moja, yaani neno kwa neno hadi kwenye mkato wa kwanza. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Kila mmoja alikuwa amekubali pendekezo la kwanza kwa sababu lilikuwa zuri vya kutosha.

Watafiti Anil Doshi na Oliver Hauser walichapisha jaribio la namna hii mwaka 2024. Watu waliandika hadithi fupi, baadhi wakipewa mawazo na akili mnemba na wengine wakijitegemea. Hadithi za waliosaidiwa zilisifiwa zaidi na wasomaji, hasa za wale ambao kwa kawaida si wabunifu sana. Ila ukizipanga pamoja, zilifanana kuliko za waliojitegemea. Kila mmoja alipata faida yake, na jumla ikapungua utofauti. Ndivyo ilivyo kwa mafundi wako, Mama: kila oda peke yake imefungwa vizuri, na ukizitazama zote pamoja pampu namba 4 imekufa mara nne kwa neno moja.

Kwa hiyo kupenda nako kuna hatari yake. Anayechukia chombo hukisusa, na anayekipenda sana huacha kukiuliza maswali. Mimi siku hizi kabla sijafungua programu nakishika kile kifaa, nakitumia vibaya makusudi, nakosea kama atakavyokosea mteja, na naandika mistari mitatu yangu kwa kalamu. Baada ya hapo ndipo naiita mashine. Mistari ile mitatu mara nyingi ni mibovu, lakini ni yangu, na mashine inapoleta ya kwake nina kitu cha kulinganisha nacho.

Kijana wako usimlaumu kwa wepesi wake. Mpe swali ambalo orodha haina jibu lake, na umpe muda wa kulitafuta.

---

MamaKarakana alirudi baada ya wiki tano:

Nimerudi kutoa taarifa, maana mlinisaidia sana.

Nilianza na nililoweza mwenyewe. "Uzembe wa mwendeshaji" nimeufuta kwenye orodha. Nimeongeza "Chanzo hakijulikani, kichunguzwe". Kisanduku cha maelezo kimepanuliwa, na sasa fundi anaweza kuambatanisha picha na sauti. Kuhusu saa, niliandika barua juu. Nimeruhusiwa kuificha kwenye vishikwambi vya mafundi kwa miezi mitatu, ingawa mimi mezani bado naiona.

Kisha nikafanya lile la Mwandishi. Nilimwita kijana nikamwuliza, "Pampu namba 4 kwa nini inakula beringi? Usinijibu leo." Nikampeleka kwa mzee, nikawaacha.

Siku mbili za mwanzo hawakuelewana. Mzee alikuwa anamwekea bisibisi sikioni na kijana hasikii kitu. Siku ya tatu kijana akaweka kishikwambi kwenye nyumba ya beringi, akarekodi, akaikuza ile sauti. Mzee akaisikiliza akasema, "Hapo! Rudisha hapo." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anakishika kwa kiganja kizima. Akatoa daftari, akaonyesha siku alizoandika "inalia". Kijana akavuta tarehe zote za oda kutoka kwenye mfumo na kuzipanga sambamba na zile za daftarini. Beringi zote 4 zilikufa ndani ya siku tatu baada ya mtambo kuwashwa ukiwa umepoa kabisa.

Walichogundua ni kwamba bomba likipata joto linarefuka. Upande mmoja limefungwa kwenye nguzo na haliwezi kusogea, kwa hiyo linaisukuma pampu. Pampu ikisukumwa, shafti yake hainyooki tena na shafti ya mota, na beringi ndiyo inayobeba mateso. Kumbe neno la mzee la siku ile, "kuna kinachoisukuma", lilikuwa kweli tupu. Walipima kwa kipimo cha saa, kile chenye mshale unaoonyesha chuma kimesogea kiasi gani, kabla ya kuwasha na baada ya kupata joto, na mshale ulisogea mbele yangu. Wamependekeza kibebeo cha bomba kinachoteleza badala ya kile kilichofungwa, pamoja na kiungo kinachonyumbuka karibu na pampu. Michoro ilichorwa na mzee ubaoni, kijana akaipiga picha na kuiingiza kwenye oda. Vifaa vimeagizwa. Siwezi kusema tumepona mpaka mtambo uzimwe na kuwashwa tena mara kadhaa.

Kati ya wale watano walionuna, wawili wameanza kuandika kwenye kisanduku. Mmoja ameandika malalamiko tupu, lakini ya kweli, na nimemjibu. Watatu bado. Mmoja wao aliniambia waziwazi kwamba anangoja aone miezi mitatu ikiisha saa itarudi au haitarudi, na siwezi kumlaumu.

Kwenye ripoti ya mwezi wastani wa muda wa kufunga oda umepanda, na bosi ameniita Alhamisi nikaueleze. Nitakwenda na lile daftari, mzee ameniazima. Kijana ataniandalia zile tarehe kwenye karatasi moja.